Je, Wajua? Kirusi Kina Harufu ya Marikiti

Je, wajua kwamba karafuu kwa Kirusi ni "msumari mdogo"? Simama mbele ya meza ya viungo pale Marikiti ya Mombasa, Barabara ya Digo, uokote karafuu moja kavu uitazame vizuri: kichwa cha duara juu, mguu mwembamba chini. Warusi waliona msumari. Msumari kwao ni gvozd, na karafuu ni gvozdika. Wapolandi nao huiita goździk, na Wacheki hřebíček, kwa fikra ile ile ya msumari. Sisi jina tulilipokea kwa Waarabu, tukatosheka nalo.

Sogea hatua mbili kwenye mdalasini. Kwa Kirusi ni koritsa, kutokana na kora, gome la mti. Kisha wakaliendeleza neno: rangi ambayo sisi tumeitoa kwenye kahawa tukaiita kahawia, wao wameitoa kwenye mdalasini wakaiita korichnevy.

Je, wajua kuna maneno ya Kirusi ambayo Mswahili anayajua kabla hajafungua kitabu? Chai ni chai. Sanduku ni sunduk. Almasi ni almaz, halua ni khalva, na hazina ya serikali ni kazna. Si kwamba Warusi waliyachukua kwetu, wala sisi kwao. Mengi ni maneno ya Kiarabu na Kiajemi: huko yalipita kwa Waturuki na misafara ya nchi kavu, huku yakaja na majahazi ya kaskazini. Chai ilianzia mbali zaidi, China. Kisha uangalie Wapolandi: majirani zao wengi wanasema chai, wao husema herbata, lakini birika la kuichemshia bado wanaliita czajnik. Jina la kinywaji liliwapita, la chombo likabaki jikoni.

Hata soko lina kisa chake. Sisi neno marikiti tulilipata kwa Waingereza. Warusi husema rynok, neno walilolipata kwa Wapolandi, nao Wapolandi walilitoa kwa Wajerumani.

Je, wajua MOMБACA ni nini? Ni Mombasa, kwa alfabeti ya Kisirili. Herufi ya nne ni b, na ile inayofanana na C husomwa s. Alfabeti hiyo ilianza Bulgaria mwishoni mwa karne ya 9, na Kirusi cha leo kina herufi 33. Si lugha zote za Kislavi, ndugu za Kirusi, zinazoitumia: Kipolandi na Kicheki huandikwa kwa herufi kama zetu, na Kiserbia huandikwa kwa zote mbili.

Kwenye sarufi ndiko Mswahili anakoanza mbele ya wengine, na jambo hili halisemwi vya kutosha. "Ya student" maana yake "mimi mwanafunzi", basi, hakuna neno katikati, na sisi tunasema vivyo hivyo kila siku. Kuwa na kitu Warusi husema "u menya yest kniga", yaani "kwangu kuna kitabu". Sisi nasi hatuna kitenzi cha kumiliki hapo: husema nina kitabu, na wengine niko na kitabu. Mwingereza husumbuka kuona sifa ya Kirusi ikibadilika kufuata nomino. Aliyekulia kwenye kitabu kizuri na vitabu vizuri hashangai.

Shida ipo, tusidanganyane. Hesabu masanduku: odin sunduk, dva sunduka, pyat sundukov. Mawili hadi manne yana umbo lake, matano yana lake, na ukifika ishirini na moja unarudi kwenye umbo la moja. Ulimi nao, uliozoea karibu kila silabi itue kwenye irabu, unakutana na salamu ya kwanza kabisa: Zdravstvuyte. Maana yake ni "uwe na afya". Dua njema, ila konsonanti zake zinataka subira.

Je, wajua subira hiyo ilikuwa na jina? Podfak, kifupi cha kitivo cha maandalizi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow Februari 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, kiongozi wa Kongo aliyekuwa ameuawa Januari 1961. Miaka hiyo Jaramogi Oginga Odinga alisaidia vijana wa Kenya kupata nafasi za masomo katika nchi za kambi ya Mashariki. Mgeni asiyejua Kirusi alikaa podfak mwaka mzima akijifunza lugha, ndipo akaingia darasa la udaktari, uhandisi au sheria, akaketi na Warusi wenyewe na kuandika mtihani kwa Kirusi. Fikiria majina ya mifupa yote ya mwili, kwa lugha ambayo mwaka mmoja nyuma hukujua kuombea maji. Jina la Lumumba liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa 2023.

Warusi nao walikuwa wakitusoma sisi. Mwaka 1961 ilitoka kamusi ya Kiswahili na Kirusi chini ya uhariri wa Dmitri Olderogge, mtaalamu wa Leningrad. Mpolandi Rajmund Ohly alifanya kazi Dar es Salaam, akaandika hata juu ya lugha ya mitaani. Kwa upande wetu, tamthilia ya Nikolai Gogol inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

Waliokuwa vijana wa podfak mwanzoni mwa miaka ya 1960 sasa wamepita miaka 80. Kama nyumbani kwenu au mtaani yuko mmoja wao, mpelekee chai, mwambie akuhesabie masanduku kwa Kirusi, na uandike maneno yake angali yupo.