Sauti, Hedifoni na Masikio Yetu

Ngoma ya mganda inapochezwa kule Liuli au Mbamba Bay, mlio wa ngoma kubwa husikika mbali. Mtazamaji aliye umbali wa mita 340 huona kwanza fimbo ikipiga ngoma. Mlio humfikia baada ya sekunde moja hivi, kwa sababu sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde.

Siku hizi sauti nyingine haitoki mbali hivyo. Hutoka katika chombo kidogo kinachovaliwa masikioni, nacho huitwa hedifoni. Katika milima ya Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, hedifoni hutumiwa pamoja na simu au redio. Watu husema mambo mengi juu ya chombo hiki. Je, yote ni kweli? Katika somo hili tutayachunguza manne.

Hedifoni hufanyaje kazi?

Kila sauti hutokana na mtetemo.

Jaribio la 1. Weka chembe chache za mchanga mkavu juu ya kiwambo cha ngoma. Piga ngoma polepole. Unaona nini? Chembe hurukaruka. Sasa gusa kiwambo kwa kiganja chako. Mtetemo hukoma, na sauti nayo hukoma.

Hedifoni ni kama ngoma ndogo sana. Ndani yake mna kiwambo chembamba, waya uliosokotwa, na sumaku. Umeme unaobadilika unapopita katika waya, sumaku huuvuta na kuusukuma waya huo. Waya hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa hewa, na hewa hutikisa kiwambo cha sikio lako. Chombo hiki si kigeni sana duniani. Mwaka 1910 Mmarekani aliyeitwa Nathaniel Baldwin alitengeneza hedifoni jikoni mwake, akaziuza kwa jeshi la wanamaji la nchi yake.

Fikira ya kwanza: "Sauti kubwa ndiyo sauti nzuri"

Ukubwa wa sauti na usafi wa sauti ni mambo mawili mbalimbali. Sauti safi ni ile inayofanana na sauti ya asili. Kiwambo kikisukumwa kupita kiasi, hakiwezi tena kufuata mitetemo yote barabara. Hapo sauti huanza kukwaruza. Mbona basi watu hupenda kuongeza sauti?

Jaribio la 2. Mfunge mwenzako kitambaa machoni. Mpe hedifoni asikilize wimbo kwa sauti ndogo. Kisha ivue, ongeza sauti kidogo tu, umvike tena hedifoni ileile. Mwambie kwamba hiyo ni hedifoni nyingine. Muulize ipi ni bora. Mara nyingi msikilizaji huchagua ya pili, ingawa chombo ni kilekile! Masikio yetu hudanganyika kwa urahisi. Kwa hiyo, ukitaka kulinganisha hedifoni mbili kwa haki, lazima ukubwa wa sauti uwe sawa, na msikilizaji asijue anasikiliza ipi.

Fikira ya pili: "Hedifoni ya bei kubwa haikosi kuwa bora"

Bei hulipia mambo mengi: jina la kiwanda, rangi, urembo na uimara. Baadhi ya hedifoni za bei kubwa ni nzuri kweli, lakini bei peke yake si kipimo. Jambo moja lenye maana kubwa ni namna hedifoni inavyokaa sikioni. Ikiacha mwanya, sauti nzito hupotea. Hakikisha mwenyewe: sikiliza wimbo wenye ngoma, kisha sogeza hedifoni mbali na sikio kwa upana wa kidole. Mlio wa ngoma hufifia upesi kuliko sauti nyembamba.

Fikira ya tatu: "Hedifoni nzuri hurekebisha sauti mbaya"

Buni mbovu haitoi kahawa nzuri, hata ikipikwa katika birika jipya. Vivyo hivyo, kama wimbo ulirekodiwa vibaya, au redio inakwaruza kwa kuwa kituo ki mbali, hedifoni haiwezi kurudisha kilichokosekana. Tena, hedifoni iliyo safi huenda ikaonyesha kasoro hizo waziwazi zaidi.

Fikira ya nne: "Masikio yatazoea"

Hii ndiyo fikira ya hatari kuliko zote. Ndani kabisa ya sikio mna sehemu iliyojizungusha mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai zenye vinywele vidogo sana, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazopeleka habari za sauti kwenye ubongo. Majani yakikanyagwa njiani huota tena, lakini chembe hizi zikifa hazioti tena. Ukisikia mlio kama wa nyenje masikioni baada ya kuvua hedifoni, masikio hayajazoea. Yameumizwa.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida yana desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba watoto wasisikilize sauti ya desibeli 75 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma. Sauti ikizidi, muda upungue.

Mvuvi wa usipa aliye ziwani usiku huyategemea masikio yake. Husikia mwito wa mwenzake aliye katika mtumbwi mwingine, na mawimbi yanayopiga miamba gizani. Wewe nawe unapovuka barabara, huna budi kusikia lori linalokuja. Mwenye kuziba masikio yote mawili hasikii onyo.

Kumbuka:
1. Sikiliza kwa sauti ndogo, na upumzishe masikio mara kwa mara.
2. Usivae hedifoni barabarani wala mtumbwini.
3. Masikio yakilia au yakiuma, mwambie mzazi au mwalimu upelekwe zahanati.

Maswali
1. Taja sehemu tatu zilizomo ndani ya hedifoni.
2. Kwa nini katika Jaribio la 2 msikilizaji hufungwa macho?
3. Ndugu yako asema, "Mimi nimezoea sauti kubwa, hainidhuru." Utamjibuje?