Nani Yumo Ndani, na Amebakiwa na Hewa Kiasi Gani?

Maji yanapokupwa katika hori ya Mida, kule Dabaso, tope la mikoko hutoa harufu ya mayai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi inayotolewa na bakteria wanaoishi topeni pasipo oksijeni na kutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Juu ya vidaraja vya mbao wanavyopita wageni kwenda kutazama ndege na kula kaa, gesi hiyo ni kero ya pua tu, kwa kuwa upepo huitawanya.

Ndani ya tangi la maji taka la nyumba ya wageni, gesi hiyohiyo haina pa kwenda. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikizidi kiasi, hulemaza uwezo wa kunusa, na fundi aliyeshuka akadhani harufu imekwisha huwa ndiyo kwanza anaingia hatarini.

Visima vina balaa lake. Anayechimba katika mawe ya matumbawe akishusha pampu ya petroli ili kunyonya maji, moshi wake hujaza shimo kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo himoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mchimbaji huzimia. Mwenzake humwona, hushuka kumwokoa, naye huanguka juu yake.

Moto wa makuti, ambao pwani huogopwa kuliko yote, una tabia tofauti. Huruka paa hadi paa kwa upepo, lakini moshi wake mwingi hupaa, na mara nyingi wazimamoto hupambana nao wakiwa nje. Mtungi wa hewa mgongoni na barakoa usoni huhitajika zaidi mahali pasipo tundu: stoo ya zege, chumba cha barafu cha samaki, tangi, kisima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inalijua jambo hili. Anayeingia mahali penye mvuke wa hatari avae kifaa cha kupumulia na, inapowezekana, mkanda wenye kamba, na nje awepo mtu aliyeishika ncha ya pili, mwenye nguvu za kumvuta. Kamba hiyo humwokoa aliye ndani, na pia humfahamisha aliye nje kwamba mwenzake bado anajongea.

Kamba haitoshi jengo likiwa na vyumba vingi. Tarehe 23 Januari 1958 moto ulizuka katika vyumba vya barafu vya chini ya ardhi kwenye soko la Smithfield, London. Wazimamoto 2 walipotea katika vichochoro vya vyumba hivyo wakafa. Baada ya hapo Uingereza ilieneza utaratibu wa ubao wa mlangoni: kila anayeingia huacha kibati chenye jina lake, shinikizo la mtungi wake na saa ya kuingia, na mtu mmoja hubaki hapo akipiga hesabu.

Udhaifu wa ubao ni kwamba ni wa makisio. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 hubeba takriban lita 2,000 za hewa. Kwa pumzi za lita 40 kwa dakika, hewa hiyo hutosha dakika 50. Lakini anayepanda ngazi akiburuta mpira wa maji huweza kupumua mara mbili ya hapo, na ubao hauna habari.

Hapo ndipo elektroniki ilipoingia. Kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mkanda wa mtungi hupima shinikizo na kulituma kwa redio mara kwa mara hadi kwenye ubao wa kidijitali ulio mlangoni. Ubao huonyesha jina, hewa iliyobaki, na dakika zinazotarajiwa kwa kasi anayopumua mtu huyo wakati huo. Mvaaji akitulia bila kujongea kwa takriban nusu dakika, king'ora hulia kifuani pake na ubaoni pia. Msimamizi naye huweza kubonyeza kitufe cha kuwaamuru wote watoke, kisha akaona nani ameitikia na nani kimya.

Mitambo hiyo hujua zaidi nani yumo kuliko yuko wapi. Setilaiti hazimwoni aliye chini ya zege. Tarehe 3 Desemba 1999, katika ghala kuukuu la barafu mjini Worcester, Marekani, wazimamoto 2 walipotea katika moshi wakiishiwa hewa. Wengine 4 wakafa wakiwatafuta. Wahandisi wa chuo cha ufundi cha mji huo walianza baadaye kutafiti namna ya kumpata mtu ndani ya jengo kwa mawimbi ya redio. Maji, udongo na nondo hudhoofisha mawimbi hayo, kwa hiyo ubao mzuri hutoa ishara pia pale mawasiliano yanapokatika.

Chini ya Katiba ya 2010 zimamoto ni kazi ya kaunti, na kwa Dabaso hiyo ni Kilifi. Kununua mitambo hii ni suala la bajeti, lakini faida yake huonekana hata kwa hesabu ya kalamu. Tuseme mwokozi mwenye mtungi wa lita 6.8 ameingia tangini saa nne na robo asubuhi akiwa na bar 240, na filimbi ya onyo ya mtungi hulia kwenye bar 55. Kwa lita 40 kwa dakika, ubao wa kalamu utamwandikia kwamba filimbi italia saa nne na dakika 46. Ikiwa anavuta lita 60 kwa sababu amembeba mtu, italia saa nne na dakika 36. Ubao wa redio ungeiona tofauti hiyo tangu dakika za mwanzo, na msimamizi angekuwa amekwisha kuwavisha barakoa wawili wa kwenda kumpokea.