Mguu Uliopasuliwa Goti Upimwe Kabla ya Kurudi Mkarafuuni



Mchumaji akiteleza mkarafuuni aweza kukatika kano ya goti, na siku hizi baadhi ya watu hupasuliwa wakatiwa kano nyingine. Kovu likishapona na mwendo ukanyooka, mwenyewe husema yu mzima; na mwenye shamba, akiona karafuu zakaribia kuchanua, hupenda kumsadiki. Lakini kwenda njiani bila ya kuchechemea si ushahidi wa kutosha kwa mtu atakayesimama juu ya tagaa. Basi yafaa tueleze namna wataalamu wanavyoupima mguu wa namna hiyo.

Ndani ya goti zimo kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na husaidia goti lisijipinde mtu anapogeuka. Ikikatika, daktari hukata kipande cha kano nyingine, mara nyingi ya nyuma ya paja au ile iliyo chini ya pia ya goti, akakipitisha katika mifupa badala yake. Kipande hicho kwanza hudhoofika, ndipo huota mishipa ya damu na kukaza, na kazi hiyo huchukua miezi mingi. Huku nyuma msuli wa mbele ya paja hunywea, kwani goti lililovimba huuzuia msuli usivute kwa nguvu zake zote, hata mwenyewe akijitahidi vipi.

Kwanza hupimwa nguvu. Mgonjwa hukalishwa kitini akasukuma chombo cha kupimia kwa muundi, mguu mmoja mmoja. Nguvu za mguu uliopasuliwa hugawanywa kwa za mwenzake, zikazidishwa kwa 100. Mmoja ukisukuma kilo 30 na mwingine kilo 40, jawabu ni 75. Wataalamu wengi hutaka isipungue 90. Kisha huja kuruka kwa mguu mmoja: mruko mmoja, miruko mitatu mfululizo, miruko ya kuvuka mstari huku na huku, na mwendo wa mita 6 unaohesabiwa kwa saa. Noyes na wenzake wa Marekani waliyaandika majaribio hayo mwaka 1991, na mpaka leo yatumika.

Hesabu hii ina mtego. Mguu mzima nao hukaa bure miezi ile, ukalegea. Tuseme mtu kabla ya kuumia aliruka sentimita 140. Leo mguu mzima waruka 110, na uliopasuliwa 99. Jawabu ni 90, watu wakafurahi. Kumbe ukilinganishwa na zamani zake, mguu ule haujafika hata 71. Heri apimwe mguu mzima mapema, kabla ya kupasuliwa.

Tena mwili ni mjanja. Nyonga na kifundo huweza kulifanyia goti kazi yake, mruko ukawa mrefu na goti bado dhaifu. Ndiyo sababu mtaalamu hutazama kutua: je, goti lajikunja au limekakamaa? Laingia ndani? Kiwiliwili chaelemea upande? Pasipo mitambo, zatosha mizani mbili za kupimia watu. Asimame mguu huku na mguu huku, achuchumae polepole, na mwenziwe asome. Mtu wa kilo 64 apaswa kuweka 32 kila upande. Akiweka 40 na 24, goti bado lakwepa mzigo. Mizani hizi, tofauti na nyingine tuzijuazo, hazina karani wa kugombana naye.

Uchunguzi wa Norway uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza kwa nusu hivi hatari ya goti kuumia tena. Mwaka huo huo, uchunguzi wa wanamichezo 158 huko Doha ulionyesha kuwa waliorudi mchezoni bila ya kutimiza masharti yote ya kipimo walikuwa na hatari mara 4 hivi ya kukatika kano tena.

Hao ni wacheza michezo, na kuruka uwanjani si kupanda mti. Kwa maoni yetu mti ni mgumu zaidi, hasa kushuka, maana hapo msuli wa paja huubeba mwili mzima huku goti likikunjika, na mguu wa pili ungali ukitafuta tagaa. Kwa hiyo aliyepata 90 na aanze kwa kushuka ngazi za nyumba kwa mguu mmoja mmoja, kisha matagaa ya chini. Kabla ya hapo ziko kazi za kuchambua na kuanika, na apewe hizo. Goti likivimba asubuhi ya pili yake, asipande siku hiyo, na uvimbe usipotoka arudi kwa daktari wake.