Mlima wa Moto Huharibu Mavuno ya Mbali
Mwezi wa Aprili 1815, Tambora, mlima wa moto ulio Indonesia, ulilipuka. Mwaka 1816 wakulima wa Ulaya na wa kaskazini-mashariki mwa Marekani walipata baridi kali katika majira ya joto, na mavuno yakaharibika. Kwa nini?

Sababu kubwa si majivu, maana hayo huanguka upesi. Mlima hutoa pia hewa ya salfa. Hewa hiyo ikipanda kupita mawingu ya mvua, hugeuka matone madogo sana ya asidi, kama ukungu. Huko juu hakuna mvua ya kuyaosha, basi huizunguka dunia mwaka mmoja au miwili, yakirudisha nyuma sehemu ya mwanga wa jua.

Mkulima hawezi kuuzuia mlima. Lakini mwenye akiba ghalani huvuka mwaka mbaya. Usiuze magunia yote.