Mkaa Unaondoa Harufu, Hauondoi Hatari

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya hewa ya chumba cha uyoga. Familia nyingi sasa hulima uyoga wa mamama nyumbani. Kazi hii ni nzuri: haihitaji shamba, bali chumba, mifuko ya majani makavu, mbegu na maji safi. Hatusemi iachwe. Tunasema ifanywe bila kuumiza mapafu.

Mama mmoja alikuja kwetu hospitalini mara tatu kwa homa, baridi, kikohozi kikavu na kifua kubana. Vipimo havikuonyesha malaria wala kifua kikuu. Akilazwa siku mbili alipata nafuu, akirudi nyumbani aliugua tena. Mara ya tatu ndipo tulipoketi naye na kumwuliza habari za kazi zake.

"Sista, nikivuna uyoga asubuhi, jioni lazima homa inishike."

"Na chumba kina dirisha, Mama?"

"Tumeliziba. Kijana wangu ameweka feni na chujio la mkaa. Hewa inasafishwa, hata harufu hamna."

Hapo ndipo tulipoelewa. Harufu ilikuwa imekwisha, lakini kilichomwumiza kilikuwa kimebaki chumbani.

Chujio la mkaa hufanya nini?

Chujio hili ni mitungi miwili ya bati yenye matundu, mmoja ndani ya mwingine. Katikati hujazwa chembe za mkaa, na nje huzungushiwa kitambaa cha kuzuia vumbi. Feni huvuta hewa kupitia humo. Mkaa wake si ule wa jikoni. Hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kwa vifuu vya nazi, kwa mvuke na moto mkali sana, hata ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Gramu moja tu ina eneo la ndani la mamia ya meta za mraba. Harufu hunasa humo. Mkaa wa jikoni uliopondwa hauna nguvu hiyo, na ndio aliotumia kijana yule.

Mambo matatu ambayo chujio haliondoi

Kwanza, vumbi la uyoga. Uyoga wa mamama ukikomaa hutoa mbegu ndogo mno ziitwazo spora, nazo huelea hewani. Kwa baadhi ya watu mapafu huzikataa, na homa huanza saa 4 hadi 8 baada ya kuzivuta. Akiendelea hivyo kwa miaka, mapafu hufanya makovu yasiyopona. Kitambaa cha chujio hunasa baadhi tu ya spora hizo.

Pili, hewa nzito. Uyoga hupumua kama sisi, hutumia oksijeni na kutoa hewa ya kaboni. Mkaa hauizuii. Ukiona vikonyo virefu na vichwa vidogo, ujue chumba kimekosa hewa safi.

Tatu, sumu ya jiko la mkaa. Wako wanaochemshia majani ndani wakidhani chujio litawalinda. Halitawalinda! Sumu hiyo haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Jiko likae nje daima.

Namna ya kuchagua au kutengeneza

Anza na ukubwa wa chumba. Chumba cha meta 3 kwa 3, chenye kimo cha meta 2.5, kina meta za ujazo 22.5. Tukibadilisha hewa mara 6 kwa saa, tunahitaji feni ya kutoa meta za ujazo 135 kwa saa. Chujio hupunguza nguvu ya feni, kwa hiyo tafuta ya 200 hivi, na chujio lililoandikwa kiasi hicho au zaidi.

Hewa iliyovutwa itolewe nje, mbali na madirisha ya jirani. Kosa la kijana yule lilikuwa kuirudisha chumbani. Upande wa pili, chini ukutani, acha tundu lenye wavu ili hewa safi iingie.

Ukitengeneza mwenyewe, tumia mkaa wa kiwandani wa chembe. Ushindilie vizuri, maana ukiacha nafasi hewa itapita hapo bila kuchujwa. Vaa barakoa unapoujaza, kisha washa feni nje kwanza ili vumbi jeusi liishe. Kitambaa kifuliwe kila mwezi. Harufu ikianza kupita, badilisha mkaa.

Chumba cha uyoga huwa na unyevu mwingi, na maji huziba vitundu vya mkaa. Basi, ikiwa harufu haimsumbui jirani, chujio hulihitaji. Fedha hiyo inunulie feni, wavu na barakoa. Waya za umeme zikae mbali na maji, zikafungwe na fundi.

Ya kuzingatia nyumbani

1. Uyoga ulimwe katika banda la pekee, si chumba cha kulala.
2. Vuna kabla kingo za kofia hazijakunjuka na kunyooka, kwa sababu hapo spora bado ni chache.
3. Unapovuna vaa barakoa ya N95 inayobana usoni. Kitambaa cha kawaida hakitoshi.
4. Watoto na wenye pumu wasiingie.
5. Homa ikija saa chache baada ya kuvuna, mweleze mganga kazi yako. Usinunue dawa za malaria bila kupima.
6. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama unalima uyoga.

Mama yule alihamishia mifuko yake bandani nyuma ya nyumba. Binti yake mkubwa ndiye avunaye sasa, akiwa na barakoa, na mama anauza sokoni. Hajarudi kwetu na homa ile. Sisi nasi tumejifunza: siku hizi, mgonjwa wa kikohozi akiketi mbele yetu, kabla ya kuandika dawa tunamwuliza, "Nyumbani mnafanya kazi gani?"