Mkasi Kabla ya Cherehani

Wateja wanaoingia kwangu Kibagabaga, Kigali, siku hizi huja na kitambaa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kwenye simu kuna picha ya dada wa Lagos mwenye gauni la sherehe lililombana hadi magotini, kisha likafumuka chini kama tarumbeta. "Mama, nataka mshono huu, hivi hivi." Namwambia sawa, tutaushona. Ila kabla ya kutaja bei namwuliza maswali: siku hiyo utakaa sana au utacheza? Utafika kwa gari au kwa pikipiki? Unanyonyesha? Yule wa pichani alikatiwa gauni lake kwa mwili wake, tena labda la kusimama nalo dakika tano za kupigwa picha.

Chumba changu kiko upande wa barabara inayokwenda hospitali. Soko la Kimironko haliko mbali, na mafundi wa kule ni mabingwa wa kasi: asubuhi unanunua kitenge, jioni umeshavaa. Siwabezi hata kidogo. Kwa gauni la kawaida la marinda hawanizidi wala siwazidi. Tunapoachana ni pale mteja anapotaka nguo imkae mwilini, kwa sababu hapo kazi yote iko kwenye mkasi, na mkasi hautaki haraka.

Nilijifunzia Kigoma, barazani kwa baba mdogo, wakati familia yetu bado iko ukimbizini Tanzania. Alinipa vifungo, akanipa zipu za kubadilisha, akanipa pindo za suruali. Cherehani nilikalia mapema. Mkasi sikuugusa kwa muda mrefu sana. Alikuwa akisema mshono uliokwenda kombo unafumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya unakilipa. Na ole wako akukute unakata karatasi kwa mkasi wa kitambaa: karatasi hula makali, na mkasi butu hutafuna kitambaa badala ya kukikata.

Tuchukue gauni la kitenge lenye sketi ya duara. Mteja ana inchi 36 za kifua na 28 za kiuno. Kwenye kifua naongeza inchi mbili za kupumulia, maana kitenge ni pamba iliyofumwa, hakivutiki kama fulana. Fundi asiyeongeza hushona gauni zuri mpaka mwenyewe aketi. Inakuwa 38, nagawa kwa nne, napata tisa na nusu, ndiyo robo ya mwili ninayoichora kwenye karatasi ya kaki. Pembeni naacha inchi nzima ya akiba, kwani harusi ya mwaka huu huwa ubatizo wa mwaka ujao na mwili haubaki ulivyokuwa. Sketi ina hesabu yake: kiuno nagawa kwa sita na ushee, napata kama inchi nne na nusu. Huo ndio urefu ninaoupima kutoka pembe ya kitambaa kilichokunjwa mara nne hadi mstari wa kiuno. Mwanafunzi yeyote aliyefundishwa mzingo wa duara ataitambua.

Kisha kuna maua. Kitenge chenye maduara makubwa au ndege sikikati kabla ya kukitandaza chote na kukitazama kwa mbali. Duara likiangukia kila titi, mama wa watu atatazamwa siku nzima kwa kosa lisilo lake. Ndege wakigeuka miguu juu mgongoni, kila aliyeketi nyuma yake kanisani atajua fundi alibana kitambaa. Kuoanisha maua ya mbele na ya nyuma hula yadi nyingi, ndiyo maana yadi sita zinaweza kutoa gauni moja na kilemba, na mteja akaondoka akidhani nimebakisha za kwangu.

Sketi ya duara nikishaiunga naitundika usiku kucha, bila pindo. Sehemu zilizokaa mshazari na nyuzi za kitambaa hurefuka kwa uzito wake, zilizonyooka hazirefuki, kwa hiyo ukikunja pindo siku hiyohiyo, wiki ijayo gauni litakuwa na pembe. Mfaransa Madeleine Vionnet alijipatia jina katika miaka ya 1920 kwa tabia hiyohiyo ya kitambaa: alikata magauni mazima kwa mshazari ili yamfuate mvaaji bila kumkaba. Mimi asubuhi nasimamisha rula sakafuni, mteja anageuka polepole, natia chaki kuzunguka.

Wanyarwanda wa zamani hawakuhitaji hesabu hizi. Walivaa impuzu, magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, na inkanda za ngozi. Waganda bado wanatengeneza vazi la gome kutoka mti wa mutuba, na UNESCO iliitambua kazi yao mwaka 2005. Mavazi hayo yalizungushwa na kufungwa, na ustadi ulikuwa wa mvaaji mwenyewe. Umushanana ninaoshonea shughuli za gusaba, yaani posa, una asili hiyohiyo: sketi ya mikunjo, kiblauzi, na kitambaa chepesi kinachopita juu ya bega moja. Siku hizi tunatia lastiki kiunoni na kuishona mikunjo mapema ili wasindikizaji wafanane. Wazee hunung'unika, na nadhani wana haki. Mama mmoja mtu mzima akijifunga umushanana wake mbele ya kioo changu, hakuna lastiki itakayofanya kile vidole vyake vinachofanya.

Nguo za pamba zilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa wingi katika karne ya 19. Iliyotia fora ilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Unguja na meli za bandari ya Salem. Misafara iliibeba hadi Tabora na Ujiji, ikawa inalipia pembe na mahitaji ya njiani. Rwanda iliwaweka mbali wafanyabiashara wa misafara hiyo muda mrefu. Nguo za kushonwa zilienea baadaye, Mapadri Weupe walipojenga misheni ya Save mwaka 1900 na Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili. Jirani zetu wa Uganda walipata gomesi, vazi lenye jina la fundi Mgoa wa Kampala.

Cherehani yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya mashine yake mwaka 1830, na mwaka uliofuata mafundi wa Paris wakaivamia karakana yake na kuziharibu mashine, wakihofia mkate wao. Mmarekani Elias Howe, mwaka 1846, alipata hataza ya sindano yenye tundu karibu na ncha na uzi wa pili unaotoka chini. Nyuzi mbili zinashikana katikati ya kitambaa. Ukiona mshono unatoa vitanzi, moja ya nyuzi hizo imelegea au imekazwa mno. Singer alikuja mwaka 1851, na ujanja wake mkubwa ulikuwa kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo.

Halafu kuna mitumba, ambayo hapa tunaiita caguwa. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Nchi jirani zilizokubaliana nasi kuzuia mitumba zilirudi nyuma Marekani ilipokunja uso. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zetu chini ya mpango wa AGOA. Nchi iliyotuletea merikani ikatununia kwa sababu ya nguo zake za zamani! Mimi niliunga mkono hatua hiyo na ninaiunga mkono hadi leo. Lakini nisidanganye: mteja wa caguwa hakuja kwangu, alihamia nguo mpya za bei rahisi kutoka China. Na caguwa ndiyo iliyonifundisha kola. Nilifumua makoti mengi ya mtumba, kipande kwa kipande, nikavilaza vipande mezani na kuchora jinsi Wazungu walivyoigeuza shingo. Hakuna chuo kilichonifundisha hivyo.

Waliofaidi zaidi ni wabunifu wa mjini. Matthew Rugamba alianza House of Tayo mwaka 2011 na tai za kipepeo za kitenge. Mwaka 2018 Junior Nyong'o, mdogo wake mwigizaji Lupita, alivaa kazi yake kwenye uzinduzi wa filamu ya Black Panther kule Marekani. Watu wengi waliongea kuhusu kitambaa. Mimi nilitazama mabega. Yalikuwa yamekatwa na mtu anayejua.

Kwetu sisi wa mitaani shida iliyobaki ni bei. Mteja atalipa kitenge cha Uholanzi bila kulalamika, halafu abishane juu ya ufundi kwa sababu anaona saa mbili za cherehani tu. Haoni karatasi ya kaki, usiku wa kutundika, wala kujaribu mara mbili. Ndiyo maana nachukua nusu ya malipo kabla ya mkasi, na sijutii.

Kwa hiyo, msomaji mwenye sherehe mbele yako, mwendee fundi wako wiki tatu kabla, si Alhamisi ya harusi ya Jumamosi. Fua kitenge kwanza kikaukie kambani, kwani pamba hurudi. Kigeuze pia: cha nta halisi kina rangi sawa pande zote mbili, cha kuchapwa upande mmoja nyuma kimefifia, na bei yake isiwe moja. Siku ya kujaribu njoo na sidiria na viatu utakavyovaa siku yenyewe, maana pindo nalipima kwa kisigino hicho, na ukibadilisha viatu asubuhi ya harusi usinipigie simu.