Je, Wajua? Kifuko cha karabai ni mifupa mitupu

Je, wajua kwamba kile kifuko cheupe kinachong'aa ndani ya karabai si kitambaa? Dukani kilikuwa kitambaa, laini na legelege kama soksi ya mtoto mchanga. Ukikifunga kwenye taa mpya na kukitia moto kinanywea, kinaingia weusi pembeni, nyuzi zote zinaungua zikaisha. Kinachobaki ni majivu yenye umbo la kifuko. Kiwandani kitambaa kililowekwa kwenye chumvi za thoriamu na seriamu. Moto ulipokula nyuzi, chumvi ziligeuka oksaidi na kubaki zimesimama palepale uzi ulipokuwa. Aliyekulia Kasingirima, au popote Ujiji ambako dagaa waliovuliwa kwa mwanga wa karabai ndio waliolipa ada ya shule, hahitaji kuambiwa kinachofuata: karabai ikishawashwa mara moja, hiyo si taa ya kugongwagongwa. Ncha ya njiti ya kiberiti ikikigusa kifuko, kinatoboka. Ukikipuliza kwa karibu, umekwenda kununua kingine.

Mwenye ubunifu huo ni Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria. Alichukua hataza ya kwanza mwaka 1885, na mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliodumu: oksaidi ya thoriamu asilimia 99, ya seriamu asilimia 1. Thoriamu hutoa mnururisho kidogo, ndiyo maana watengenezaji wengi wamehamia itriamu. Na wavuvi nao wengi wamehamia taa za betri, kwa hiyo mtoto wa leo anaweza kumaliza shule bila kukiona kifuko hicho kikizaliwa motoni. Ni hasara, kwa maoni yangu, maana hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na jambo ambalo maabara kubwa za dunia zinalihangaikia sasa: kuondoa chote kilichojaza umbo, na umbo libaki.

Je, wajua kwamba mtindi ni wavu? Protini za maziwa zimeshikana zikafanya nyuzi, na nyuzi zimekamata maji ndani yake. Kitu cha namna hiyo huitwa jeli. Sasa uache mtindi ukauke juani. Hupati mtindi mwepesi. Unapata kipande kigumu kilichojikunja. Ndivyo dagaa anavyofanya akianikwa mchangani: asubuhi amenona, jioni amebaki nusu ya unene wake. Maji yanapotoka hayaagi kwa upole. Yanavuta kuta za vitundu yalimokuwa, na kitundu kikiwa chembamba zaidi, mvuto unakuwa mkali zaidi. Piga hesabu: kwenye kitundu chenye upana wa nanomita 10, yaani sehemu 10 za milimita iliyokatwa mara milioni moja, mvuto wa maji unafika karibu mara 280 ya kanieneo ya hewa. Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, lina mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na uzito wa maji yake pale sakafuni ni nusu tu ya hiyo. Jeli gani itasimama?

Aliyepata dawa ni Mmarekani Samuel Stephens Kistler, mwaka 1931, akiwa California. Aliona kwamba adui ni uso wa maji, ule mstari ambapo kimiminika kinakutana na hewa. Akaamua kuufuta. Ukipasha kimiminika ndani ya chombo kilichofungwa kwa nguvu, hufika mahali ambapo kimiminika na mvuke havitofautiani tena. Hapo unaufungulia mvuke polepole, na hakuna uso wa kuvuta kitu. Kwa maji hali hiyo huanzia nyuzi joto 374, na maji ya moto kiasi hicho huanza kuyeyusha jeli yenyewe. Basi Kistler akayaosha maji yote kwa alkoholi kwanza, kisha akaiondoa alkoholi. Siku hizi hutumika kabonidayoksaidi, ambayo hali hiyo huifikia kwenye nyuzi 31 tu, joto la mchana mkali wa Kigoma. Kilichotoka kinaitwa erojeli: kokwa za silika, ndugu wa mchanga, zimegusana kama shanga, na zaidi ya asilimia 95 ya ujazo ni hewa. Chombo cha anga za juu cha Marekani kiitwacho Stardust kilikamatia vumbi la nyotamkia kwa kitu hicho mwaka 2004, kikalileta duniani mwaka 2006.

Je, wajua kwamba Mtanzania amepita njia hiyo? Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, alisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, na mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa kukausha erojeli za silika kwa kanieneo ya kawaida, bila mtungi wa kubana. Huo ndio mlango wa maskini kwenye sayansi hii, kwa sababu mtungi ndio unaokula fedha. Aliporudi, akiwa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, aliunganisha mchanga na viambata vya nano akatengeneza chujio la maji linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali, floraidi ikiwamo. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika kutoka Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000. Alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo.

Shanga za Kistler zina ugonjwa mmoja, nao ni ule ule wa kifuko cha karabai: zinavunjika. Hapo ndipo waya zikaingia. Fikiria waya wa fedha au wa oksaidi ya manganizi wenye unene wa makumi ya nanomita, wakati unywele wako una kama 80,000, lakini mrefu mara mia au elfu kuliko unene wake. Waya kama hizo zitie kwenye maji, yapunguze maji taratibu, na zitafika mahali zinashikana zenyewe bila gundi. Kisha zikaushe kwa njia ya Kistler, au zigandishe na kuiondoa barafu kwenye ombwe bila kuiacha iyeyuke. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mwaka 2012 kwamba njia moja inafaa kwa fedha, silikoni na oksaidi ya manganizi vilevile. Umewahi kukanyaga nyavu zilizorundikwa ufukweni? Zinalala, ukitoa mguu zinainuka. Wachina wa Xi'an walipata erojeli ya waya za kabidi ya silikoni inayofanya hivyo, mwaka 2018.

Shaba je? Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kilipata shaba ya waya isiyofika miligramu 10 kwa sentimita moja ya ujazo. Jaza debe la lita 20: gramu 200 hazifiki. Debe hilohilo la shaba tupu lingekuwa na kilo 179, na sijui nani angelishusha botini. Uswisi, mwaka 2015, walitumia nyuzi za protini ya maziwa kushikilia dhahabu, wakapata dhahabu ya karati 20 inayoelea juu ya povu la kahawa. Maziwa tena! Sonara asiione.

Na je, wajua kwamba mwaka 2008 MIT hao hao walitengeneza karatasi ya waya za oksaidi ya manganizi inayofyonza mafuta hadi mara 20 ya uzito wake, huku ikiyakataa maji? Unaitupa majini kunakoelea dizeli ya boti, unaitoa imekunywa dizeli. Haiharibiki hadi nyuzi joto 380, kwa hiyo mafuta yanafukizwa yakatoka na karatasi ikarudi kazini. Ukimwaga mawese badala ya dizeli itayanywa vilevile, ila kuyafukiza usijaribu: mawese yataungua kabla hayajawa mvuke.